Kiwanja cha Kona

Hati ya jengo letu la Masasi tuliitunza ndani ya foronya, foronya tukaitia kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko ukakaa chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya vitenge vya mke wangu visivyovaliwa. Tuliikinga na mchwa, na mvua, na macho ya watu. Kuisoma, hatukuisoma. Siku tuliyoichukua ofisini nilitazama kama jina langu limeandikwa sawasawa, nikatazama muhuri, basi. Mimi nimefundisha Jiografia sekondari mpaka nikastaafu, na wanafunzi wangu niliwakata alama bila huruma waliposhindwa kusoma ramani. Kwa hiyo ni aibu, nami naisema mapema.

Jengo lilikuwa la fremu tatu chini ya bati la buluu. Moja mke wangu aliuzia vitambaa na kushonea, moja alipanga kinyozi, ya tatu ilikuwa duka la dawa. Tulilijenga polepole, tofali baada ya tofali, kwa mshahara wangu na cherehani yake. Hatukuwahi kufikiria kuliuza. Lakini mama mkwe alikuwa kijijini Mkunya, kule juu Newala, peke yake katikati ya mikorosho yake, na mwaka ule alianguka akitoka kuteka maji kwenye tangi. Hakuvunjika mfupa, ila tangu siku hiyo alitembea kwa kushika ukuta. Mke wangu ndiye mtoto pekee aliyebaki. Jioni moja aliacha kula, akaniambia, "Mimi nashona nguo za watu huku, mama yangu anatambaa kule. Haiwezekani."

Ikawa tumekata shauri.

Mnunuzi alikuja mwenyewe, bila dalali. Alikuwa kijana wa Newala mjini, mwenye mke na watoto, muuza dawa za mikorosho na pembejeo, akitafuta mahali pa kufungua duka la pili. Alitembelea mara mbili, akapanda darini, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, tukaelewana bei. Mimi nikaenda stesheneri, nikanunua fomu ya mauziano, ile iliyochapwa tayari yenye nafasi za kujaza. Nikaijaza kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, nikaita majirani wawili wawe mashahidi, nikampa mnunuzi kalamu.

Hakuipokea.

"Mwalimu, naomba radhi," alisema, macho chini. "Marehemu baba yangu alinunua shamba kwa karatasi kama hii. Tumekuja kunyang'anywa yeye akiwa kaburini, hana wa kumsemea. Mimi nikinunua, nanunua mbele ya wakili."

Mashahidi walitazamana. Mimi nilikasirika, sitaficha. Nilihisi nimeitwa mwizi barazani kwangu. Wote wakaondoka, nikabaki na fomu yangu mkononi. Mke wangu akaniambia, "Sasa unanuna nini? Kama hati ni safi, wakili ataiona kuwa ni safi."

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Alikuwa mwanamke kijana, anaweza kuwa binti yangu wa mwisho, akasimama kutuamkia shikamoo kabla hajatupa viti. Kisha akasema jambo lililonishangaza: "Mimi ni wakili wa mnunuzi. Nataka mlijue hilo tangu mwanzo. Mkitaka wakili wenu, ni haki yenu, wala sitachukia." Akaomba hati halisi, vitambulisho, risiti za kodi ya ardhi, na mikataba ya wapangaji. Wapangaji wangu hawakuwa na mikataba. Kinyozi yule tulikubaliana kwa mdomo tangu mtoto wake akiwa tumboni. Wakili akasema wapangaji wasije wakauzwa pamoja na mlango. Waandikiwe, wajue watakaa mpaka lini na chini ya nani. Nikakubali.

"Na mama naye nataka kuzungumza naye," alisema. "Peke yake."

"Huyu hapa. Amekubali."

"Nimesikia, Mwalimu. Nataka nisikie kwake."

Nikatolewa nje, kwenye ukumbi mwembamba, nikasimama nikisikiliza pikipiki zikijaribiwa chini. Walikaa muda mrefu. Mke wangu alipotoka alikuwa na uso nisioujua, kama wa mtu aliyetoka kupokea zawadi.

"Amekuuliza nini?"

"Kama nimelazimishwa kuuza."

"Ukajibu nini?"

"Nimemwambia wazo ni langu. Wewe ndiye uliyelazimishwa." Tulishuka ngazi akicheka. Tulipofika chini akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Tangu unioe, sijawahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote mwenye kalamu mkononi." Akatia sahihi yake kwenye fomu ya ridhaa ya mwenza wiki hiyohiyo, taratibu, herufi moja moja.

Baada ya siku kadhaa wakili akanipigia simu. "Mwalimu, njoo na mama. Si jambo la kuzungumza kwenye simu."

Tulikuta hati yetu mezani, na kando yake nakala ya ramani ya upimaji aliyoitoa ofisi ya ardhi. Alikuwa amefanya upekuzi, yaani ameenda kutazama kwenye daftari la serikali kama hati tuliyonayo inalingana na iliyoandikwa kule.

"Jengo lako liko kona, Mwalimu?"

"Hapana. Kona ni ya jirani yangu, mama wa mgahawa. Mimi ni wa pili."

"Hati yako ni ya kona."

Akaigeuza hati mpaka ukurasa wa mwisho, ambao mimi sikuwahi kuufungua. Palikuwa na mchoro mdogo: mshale wa kaskazini, mstatili, na barabara mbili zikikutana pembeni yake. Sikuhitaji kuelezwa. Niliisoma ramani ile kwa kupepesa jicho mara moja.

"Nimetazama namba zote mbili," wakili akaendelea, "yako na ya jirani. Hakuna rehani, hakuna zuio, hakuna kesi. Karatasi hazina kosa. Kosa liko chini ya nyumba. Kila mmoja wenu amejenga kwenye kiwanja cha mwenzake."

Mke wangu aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo fremu zetu tatu ziko kwenye ardhi ya nani?"

"Kwa mujibu wa hati, mama, ziko kwenye ardhi ya jirani yenu."

Hapo lazima nieleze habari za jirani huyo. Alikuwa mama wa Kiyao, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kama saba, mzaliwa wa Masasi ambaye ukoo wao umefanya biashara pale tangu enzi za mababu. Mgahawa wake ulikuwa na supu asubuhi na wali mchana, na maandazi yake yaliisha kabla jua halijapanda. Tulianza naye vizuri. Tulijenga mwaka mmoja, tulikopeshana toroli na maji ya kuchanganyia saruji. Lakini yapata miaka minne kabla ya hapo alituamkia siku moja kwa maneno makali: kwamba maji ya mvua ya bati letu yanaangukia jikoni kwake. Nilimwambia nitaweka mfereji. Akasema hataki mfereji wangu, hataki mguu wangu uwanjani kwake. Tangu hapo ikawa salamu kwa shida, na mwisho hata salamu hakuna. Sikuwahi kuelewa ugomvi ule. Maji yalikuwa yakianguka pale tangu mwanzo.

Sasa mtu huyo, kwa karatasi, ndiye aliyekuwa na nyumba yetu.

Habari hazifichiki Masasi. Dalali mmoja wa pale stendi alinusa, akanifuata mpaka nyumbani, akakaa bila kukaribishwa. "Mwalimu, Mungu amekupa," alisema akinong'ona. "Kona ina thamani mara mbili. Hati ni yako, jina ni lako. Nyamaza, nenda mahakamani, yule mama hajui kusoma. Mimi mnunuzi ninaye."

Sitasema kwamba sikufikiri. Nilifikiri, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Mke wangu alikuwa akichekecha unga uani, kumbe alisikia yote. Akaja mlangoni na mikono myeupe.

"Shemeji," alimwambia dalali, "hiyo hesabu yako ina upande wa pili. Tukichukua chake, naye anachukua chetu. Au unadhani sheria ina jicho moja?" Kisha akanigeukia mimi. "Kesho asubuhi tunaenda kwake. Mimi na wewe. Kabla hajasikia kwa mwingine."

Tulienda wateja wa supu walipopungua. Alikuwa akifuta meza. Alipotuona alisimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyeshika silaha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu," aliitika bila kukiweka kitambaa chini. Kisha akamwita mke wangu kwa jina la mwanetu wa kwanza, kama desturi yetu ilivyo, jina ambalo hakulitamka kwa miaka minne. "Mmekuja kwa ajili ya maji?"

"Hapana, Mama. Tumekuja kwa ajili ya hati."

Akakaa. Akaweka kitambaa mezani, akakikunja mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo kama sabuni.

"Kwa hiyo umejua," alisema.

Sikuelewa. Nikamwambia tumeambiwa na wakili, siku tatu zilizopita, kwamba viwanja vimebadilishana. Akanitazama sana usoni.

"Siku tatu? Mwalimu, mimi najua mwaka wa nne huu. Mpwa wangu anayefundisha shule ya Chidya alikuja likizo, nikamwomba anisomee hati yangu, nijue tu imeandikwa nini. Akaisoma, akatoka nje, akatazama barabara, akarudi. Akaniambia, mama mdogo, hapa si kwako. Kwako ni pale kwa Mwalimu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Wewe ni msomi. Ofisi zote unaingia, unaitwa Mwalimu. Mimi ni mtu wa maandazi. Nilijua siku ukigundua utaniambia, Mama, toka kona yangu. Nikaona afadhali tusizoeane. Mtu mnayegombana naye haji kwako na makaratasi."

Mke wangu akasema taratibu, "Kumbe yale maji..."

"Maji yalikuwepo siku zote, mwanangu. Nilitafuta neno."

Mteja mmoja aliingia, akatuangalia, akatoka. Kisha yule mama akasema kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka natazama chini.

"Na tena wewe ndiye uliyenionyesha. Umesahau? Nilikuja na fundi wa kuchimba msingi, majani yamefika kiunoni, mawe ya mpaka hayaonekani. Wewe ulikuwepo na barua yako. Nikakuuliza, Mwalimu, changu ni kipi? Ukahesabu kwa kidole ukianzia mjini. Ukaniambia, Mama, chako hicho cha kona, changu hiki. Nikasema, maadam ni Mwalimu."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Alipolisema ndipo nilipoiona siku ile: jua, majani, barua yangu ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja, isiyo na mchoro wowote, namba tu. Nilikisia kwamba namba zinaanzia upande wa mjini. Zilikuwa zinaanzia upande wa mlima. Sikuuliza mtu, kwa sababu mwalimu wa Jiografia haulizi.

"Mama," nilisema, "kosa ni langu tangu mwanzo. Sikuja kukutoa. Nimekuja tuandikishane: wewe uwe na hati ya hapa ulipojenga, mimi niwe na ya pale. Kila mtu abaki na nyumba yake."

Alinitazama tena, kama anayepima kama nazi ina maji. Kisha akaficha uso kwa ncha ya khanga, mabega yakatikisika, nikadhani analia. Alikuwa analia na kucheka. Mke wangu akahama upande wa pili wa meza, akamshika mkono. Hatukuondoka pale bila kula, na maandazi tuliyokula asubuhi ile sitayalinganisha na chakula cha karamu yoyote.

Yaliyofuata yalikuwa ya miguu na subira. Mpima ardhi alikuja na chombo chake cha miguu mitatu, akatafuta mawe ya mpaka. Moja tulilipata nyuma ya mgahawa, chini ya magunia ya mkaa, lingine likiwa limezibwa na ngazi ya kinyozi. Yakathibitisha yaleyale ya ramani. Ofisini tukaambiwa si jambo la kwanza wala la mwisho kwao. Njia iliyokuwepo ni kila mmoja amhamishie mwenzake kiwanja, kwa hiari, kwa maandishi, kisha hati zibadilishwe majina. Palikuwa na uthamini, na fomu, na kodi za uhamisho. Nilisema gharama nitabeba mimi peke yangu, jirani akakataa. "Tugawane," alisema. "Na mimi nilinyamaza miaka minne."

Mnunuzi nilimwendea nikijua atarudi nyuma, nani angemlaumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu. "Mwalimu, ungeniuzia kwa ile fomu ya stesheneri, leo hili tatizo lingekuwa langu," alisema. "Nitasubiri. Msimu wa kupulizia dawa bado." Nilimshukuru, na hasira yangu ya siku ya kalamu ikaniuma mimi mwenyewe.

Siku ya kutia sahihi nyaraka za kubadilishana, wakili alimzuia jirani. "Mama, usitie sahihi leo. Chukua nakala, nenda nayo nyumbani, usomewe na mtu wako, si mtu wangu wala wa Mwalimu. Ukiwa na swali, urudi nalo." Nilitamani kupiga meza kwa haraka niliyokuwa nayo. Lakini nilimwona yule mama alivyozishika zile karatasi na kuzitia kifuani, nikainuka kumfungulia mlango.

Alirudi siku ya tatu akiwa na mpwa wake, na maswali mawili. La kwanza: jina kwenye hati mpya litakuwa lake peke yake, au kuna mtu mwingine atakayejipenyeza? Wakili akamwonyesha kwa kidole, jina lake, peke yake. La pili alilisema akitazama dari.

"Yale maji ya bati. Sasa naomba kweli. Aandikwe mnunuzi, aweke mfereji uelekee barabarani."

Tulicheka wote, hata mpwa aliyekuwa amekaa kama mwendesha mashtaka. Wakili hakucheka. Alivuta kalamu, akauliza mfereji uwe upande gani, na kipengele kikaingia kwenye mkataba wa mauziano: mnunuzi ataelekeza maji ya paa kwenye mtaro wa barabara. Mnunuzi alikubali kwa simu, akasema jambo lenyewe si la kubishania.

Hati mpya zilichukua muda. Mvua zikaja, zikaisha, mikorosho kule juu ikaanza kuchanua, na mama mkwe akawa anauliza kila wiki kwenye simu kama tumeghairi. Asubuhi tulipoitwa, tulikwenda mimi, mke wangu na jirani, tukiwa tumevaa kama watu wa kipaimara. Karani akatupa hati. Sikutazama jina kwanza. Nilifungua ukurasa wa mwisho: barabara upande mmoja tu, na upande wa pili mstatili wa jirani. Nikazunguka nayo mpaka kaskazini ya karatasi ikaelekea kaskazini yenyewe, pale pale kaunta, watu wakinitazama. Jirani akanipa ya kwake. "Na hii nisomee." Nikamsomea yote, mstari kwa mstari, mpaka mchoro. Barabara mbili, zinakutana.

"Ni kona?"

"Ni kona, Mama. Ni yako."

Alivuta pumzi ndefu, akaitoa yote, na mimi nikajikuta nimeitoa pamoja naye.

Siku chache baadaye tulimaliza na mnunuzi. Sahihi za wote, picha, dole gumba pale palipohitajika, muhuri. Mikataba ya kinyozi na mwenye duka la dawa ilikwishaandikwa, nao wakabaki. Mke wangu alifunga cherehani zake kwa magunia, tukapakia lori dogo. Barabara ya kupanda Newala ina mahali ambapo gari linanguruma kwa kujikaza na Masasi inabaki chini na milima yake ya mawe. Nilimgeukia mke wangu nimwonyeshe. Alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, usingizi wa mtu asiye na deni la moyo. Sikumwamsha.

Mkunya palikuwa na ubaridi na ukungu mwepesi juu ya mihogo. Mama mkwe alikuwa mlangoni, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, khanga nyingine mabegani. Tulimwamkia, akaitika. Hakuuliza habari za nyumba wala za hati wala za mawakili. Aliuliza kama tumekula.

Hatukuwa tumekula.

"Basi ingieni," alisema, "ugali ni wa muhogo na kisamvu kipo."